Muzuri, Lakini

Wanaomfahamu Asumpta pale Lawrence Heights, Toronto, watakwambia ni mwanamke mkali, haitikii salamu. Wengine wataongeza kwamba ana kiburi: serikali ya Kanada imemleta mtoto wake kwa ndege kutoka vitani, imemtibu, na bado mama mtu amenuna. Hayo ni maneno ya watu walioshiba. Asumpta aliitikia salamu maisha yake yote, tena vizuri kuliko wao, na ni kuitikia huko kulikomponza.

Alizaliwa milimani Masisi, akakulia Goma, mashariki mwa Kongo, na darasa hakuliona. Baba yake alisomesha wavulana. Yeye alitwishwa beseni la sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, akaliuza sokoni tangu kichwa chake hakijafika kwenye meza ya muuzaji. Huko sokoni ndiko alikojifunza kuishi na watu. Mteja akija, unamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama mkwe, naye anajibu muzuri, muzuri, muzuri, kisha ndiyo mnaingia kwenye bei. Hata aliyetoka kuzika jana hujibu muzuri kwanza. Baadaye huvuta pumzi, akasema, "Lakini tumepatwa." Anayerukia jambo lake kabla ya salamu kwisha huonekana hakulelewa, au amekuja kuiba.

Mume wa Asumpta alikwenda machimboni Walikale, akaoa huko, na habari zake zikaishia hapo. Alimwachia mtoto mmoja, Wema.

Vita vilipoingia mjini, bomu liliangukia kibanda cha muuza petroli aliyekuwa jirani yao. Wema alikuwa na miaka tisa. Moto ulimla mguu wa kushoto, kuanzia pajani hadi chini ya goti. Walivushwa mpaka, wakapelekwa Nairobi, na huko madaktari wa shirika moja wakaliingiza jina lake katika majina ya watoto wa kutibiwa Kanada. Serikali, Asumpta aliambiwa, imetenga fungu la fedha kwa ajili ya watoto waliotolewa vitani. Fungu litalipa hospitali mpaka mtoto apone. Hakuuliza mengi. Nani anauliza mengi mtoto wake akinuka moto?

Upasuaji wa kwanza, uliofanyika Toronto, ulikwenda vyema. Daktari alimweleza Asumpta jambo moja ambalo hakulisahau, na alilieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno ya mkalimani. Ngozi ya kovu hainyooki kama ngozi nyingine. Mtoto anakua, kovu halikui. Litavuta goti kidogo kidogo mpaka mguu ukatae kunyooka. Kwa hiyo lazima likatwe tena na kubandikwa ngozi mpya kabla ya majira ya joto, mifupa ikiwa bado inasikia. Wakichelewa, goti litazoea kukunjika.

Basi Asumpta akawa anahesabia theluji. Ikianza kuyeyuka, alijiambia, tutaitwa.

Simu ilikuja asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Wema akiwa bado anavaa viatu. Sauti aliijua. Ilikuwa ya Nkirote, Mkenya wa Meru, mwenyekiti wa akina mama katika misa ya Kiswahili, aliyekuwa na kazi yake ya ofisini na pembeni akitafsiri kwa simu. Asumpta alifurahi. Afadhali mtu wa kwetu, aliwaza.

"Mama Wema, ni mimi Nkirote. Niko na Melissa kwenye laini, yule wa ofisi ya fungu la watoto. Anakusalimu."

"Na mimi namusalimia. Yeye habari yake? Watu wa kwake wako muzuri?"

Nkirote alicheka kidogo, na hilo hakulitafsiri. "Anauliza Wema anaendeleaje."

"Muzuri, aksanti Mungu."

"Analala vizuri?"

"Muzuri."

"Chakula anakula?"

"Anakula muzuri."

"Na shule?"

"Muzuri sana, wanamupenda."

"Kwa hiyo kwa jumla mtoto yuko sawa?"

"Iko sawa, tunashukuru."

Hapo Asumpta alivuta pumzi. Salamu zilikuwa zimekwisha, tena zilikuwa salamu ndefu za heshima, akamwona huyo Melissa ni mtoto wa watu. Sasa ilikuwa zamu ya jambo lenyewe. Alikuwa amelipanga kichwani kwa wiki nzima: goti limeanza kuvuta, Wema anapanda ngazi kwa kukalia makalio, usiku anaamka akilia na kumwomba mama yake amshikie mguu.

"Lakini..." alianza.

"Haya Mama Wema, Melissa anasema asante sana, amefurahi kusikia hivyo. Siku njema."

Laini ikakatika. Asumpta aliitazama simu kama mtu aliyefungiwa mlango usoni na mwenyeji anayecheka.

"Wamesemaje?" Wema aliuliza.

"Wametusalimia tu. Wana adabu. Watapiga tena kwa mazungumzo."

Wema, ambaye Kiingereza cha shuleni kilikuwa kimeshamwingia, alisema kwamba hayo ndiyo yalikuwa mahojiano, shuleni walimu nao huuliza hivyohivyo.

"Mahojiano gani hayo, hata mguu hawakuutaja?" Asumpta alimcheka. "Vaa kiatu, basi litakuacha."

Alingoja simu ya pili. Alikwenda nayo chooni, akaiweka karibu na sinki kazini, kule anakosugua masufuria kwenye jiko la ukumbi wa harusi. Theluji ikayeyuka. Mitaa ya Lawrence Heights ikajaa matope ya majengo mapya wanayoyapandisha. Simu haikuja. Walipokwenda hospitali siku waliyopangiwa tangu zamani, mhudumu wa mapokezi aliigonga kompyuta yake, akatikisa kichwa, akagonga tena. Kisha akatafuta mkalimani kwenye spika, na sauti ya mwanamume ikamwambia Asumpta kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mama, fungu la mtoto wako limefungwa. Wanasema amepona."

"Amepona nani?"

"Mtoto."

Asumpta aliinua sketi ya Wema palepale mbele ya watu, goti lile limekunjika na kovu limekaza kama kamba ya kufungia mzigo. "Huyu?"

Mhudumu aligeuza macho. Wema alishusha sketi yake kwa mikono miwili, na kwenye basi la kurudi alikaa kiti cha peke yake.

Jirani ndiye aliyewaelekeza kwa Kanizfatema, mama mtu mzima wa Kihindi katika ofisi ya msaada wa kisheria, North York. Asumpta alipoingia na kumwona amejifunga mtandio wake, alikata tamaa, akajua ataanza tena kuongea kwa mikono. Yule mama akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili cha Tanga kitamu kupita cha padri.

"Karibu mwanangu, keti. Umekuja na jua lote hili. Hebu nipe kisa."

Asumpta alimpa. Kanizfatema akapiga simu zake, akangoja, akaongea Kiingereza kwa upole na baadaye kwa ukali. Alipokata simu alivua miwani.

"Umewaambia mwenyewe mtoto amepona."

"Miye?"

"Wewe. Hali, nzuri. Usingizi, nzuri. Chakula, nzuri. Shule, nzuri sana. Na mwisho umesema yuko sawa."

"Mama, zile zilikuwa salamu!"

Kanizfatema alicheka. Alijizuia kwa kiganja, lakini cheko lilikuwa limeshatoka. "Nisamehe, mwanangu. Najua zilikuwa salamu. Mimi mtu wa Tanga, marehemu mama yangu alijibu nzuri mpaka siku ya kufa. Lakini Melissa si mtu wa Tanga."

"Na Nkirote je? Nkirote ni mutu wa wapi?"

Hilo Kanizfatema hakulicheka. Alilifikiria, akisugua miwani kwa ncha ya mtandio. Alisema wataomba uamuzi uangaliwe upya, na kwamba kitakachosaidia zaidi ni mkalimani mwenyewe kukiri kwamba mama hakumaliza kusema, kwamba yale yalikuwa majibu ya salamu, na kwamba alimkata. Alimpigia Nkirote. Hakupokea. Alimpigia tena wiki nzima, ikawa inaita tu.

"Huyo niachie miye," Asumpta alisema. "Najua anakokula mandazi."

Misa ya Kiswahili huwa mara moja kwa mwezi, na baada ya misa watu hushuka ukumbini kunywa chai. Asumpta hakusali siku ile. Alikaa nyuma, akaitazama shingo ya Nkirote safu za mbele, shingo yenye mkufu, ikiinama na kuinuka kwa ibada nzuri. Huko chini alijipanga kwenye foleni ya chai, watu wawili nyuma ya Nkirote. Na hapo akasikia. Mama mmoja alimgusa Nkirote bega, akamuuliza mama yake mzazi anaendeleaje huko Meru.

"Ah, mum yuko tu poa," Nkirote alijibu. "Nzuri sana, tunashukuru Mungu." Alivuta pumzi. "Lakini sasa ile sukari imemshika vibaya. Wamemkata kidole cha mguu juzi."

Yule mama akashika kifua. "Woi! Pole sana."

Asumpta alitoka kwenye foleni. Nkirote alimwona, na uso wake ukafanya tabasamu kabla macho hayajakubali.

"Mama Wema! Habari za siku nyingi?"

"Usinisalimie."

Kikombe cha mtu kiligonga kisahani. Katika ukumbi ule watu wamewahi kudaiana, wamewahi kuibiana wachumba, lakini hakuna aliyewahi kukataa salamu.

"Usinisalimie," Asumpta alirudia. "Ukinisalimia nitajibu, nikijibu utaenda kuniuza."

"Kwani nimefanya nini?"

"Mama yako amekatwa kidole na umesema ni muzuri sana. Nimekusikia kwa masikio yangu. Huyu dada amekungoja, ukavuta pumzi, ukasema lakini. Mbona miye hukuningoja?"

"Mama Wema, ile ni kazi." Nkirote alishusha sauti, akataka na mwenzake ashushe. "Mimi natafsiri ulichosema. Ulisema nzuri, nikasema nzuri. Ulitaka nikuongezee maneno kwa kinywa?"

"Nilitaka uyangojee. Yalikuwa yanakuja."

"Melissa alikuwa na watu wengine kwenye laini. Hizo simu zina muda wake."

"Basi kama ni wewe ungetafsiria mama yako kule hospitali, saa hii angekuwa amepona. Angekuwa anachezea mpira kile kidole."

Mtu alicheka, akakohoa haraka kuficha cheko. Macho ya Nkirote yakabadilika. "Usimtaje mama yangu. Tafadhali. Usimweke mama yangu kinywani mwako."

"Na wewe ulimweka mwanangu wapi?"

Gitonga, mume wa Nkirote, alikuja na sahani yake mkononi, mtu mnene mwenye amani. "Mathe, tulia. Hapa ni kanisani. Hizi story mtaongea kwa simu."

"Simu hapokei."

"Sasa unataka nini kwake?"

"Aseme. Aende kwa wale watu aseme nilikuwa sijamaliza."

Gitonga alimtazama mkewe. Kila mtu alimtazama. Ulikuwa mlango mpana kabisa, angeweza kuupita bila hata kuinama. Nkirote aliweka kikombe mezani.

"Nikisema hivyo nitakuwa nimesema sijui kazi. Wataniondoa kwa laini. Nina watoto wa kusomesha. Na ulisema nzuri, Mama Wema. Mara ngapi? Hakuna mtu alikushikia bunduki."

Waliozunguka walishusha macho kwenye chai yao. Nusu yao Nkirote alikuwa amewatafutia kazi, na nusu nyingine walitarajia atawatafutia. Mmoja wao, mwanamke ambaye Asumpta alimsaidia kumbeba mtoto wake alipokuwa na homa, alisema tu, "Jamani, tusameheane, Mungu ni mwema." Asumpta alimwangalia mpaka akasogea. Kisha alipanda ngazi, akatoka, na katika misa ile hajarudi tena.

Siku ya kuangaliwa upya ilifika miti ikiwa imeshajaa majani. Ilifanyika kwa simu, ofisini kwa Kanizfatema, kwa kuwa katika nchi hii hata hatima ya mtoto huamuliwa na watu wasioonana sura. Wema alikuwepo. Kanizfatema alisema mtoto akae nje, Wema akakataa, akasema mguu ni wake. Alikaa kitini, goti lake limeelekea dari.

Upande wa pili alikuwa mwamuzi, mwanamume mwenye sauti ya usingizi, na mkalimani mpya, Mtanzania aitwaye Thobias. Huyu Thobias alikuwa na malezi.

"Shikamoo mama. Habari za asubuhi?"

Asumpta alifungua kinywa, neno likawa limeshafika kwenye meno. Lilikuja lenyewe, kama mkono unavyopokea mkono. Alifunga kinywa. Mwamuzi akauliza jambo. Thobias akasema, "Mama, uko nasi? Anauliza pia hali ya mtoto."

Kanizfatema alimkanyaga mguu chini ya meza.

Si jambo dogo kusema neno la kinyume mbele ya mtoto wako. Asumpta aliona kama anamtemea mate usoni, kama anamwita shetani kwa jina na kumwonyesha kitanda anacholalia Wema. Sokoni kwao hata mwendawazimu hakulisema.

"Mubaya," alisema.

Thobias akauliza, "Samahani mama, umesema..."

"Mubaya. Mupelekee hivyo hivyo, bila sukari. Mutoto iko mubaya, mguu mubaya, usingizi mubaya. Na miye niko mubaya. Sasa tumesalimiana, naongea."

Akaongea. Alieleza ngazi na makalio, alieleza usiku, alisema mtoto anakua na kovu halikui. Safari hii Thobias alimngoja kila alipovuta pumzi. Kanizfatema akafuata kwa Kiingereza, akaeleza juu ya salamu, na Asumpta akasikia neno nzuri likizunguka katikati ya maneno asiyoyajua, kama kuku wake amepotelea kwenye ua wa jirani. Mwamuzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali, na Thobias akalitafsiri kwa sauti ya mtu anayeona haya.

"Anauliza, mama, kama mtoto alikuwa na hali mbaya kiasi hicho mwezi wa tatu, kwa nini ulisema uongo?"

Asumpta alimtazama Kanizfatema, kisha akaisogelea simu. "Mwambie hivi. Alipojibu ofisini kwake asubuhi kwamba yeye ni muzuri, na mke wake amemununia nyumbani, ni nani alimuita mwongo?"

Thobias alitafsiri. Karatasi zikasikika zikigeuzwa. Mwamuzi alisema watajulishwa.

Wakajulishwa baada ya majira ya joto kupita. Fungu limefunguliwa, kwa upasuaji mmoja. Hakuna aliyesema samahani. Barua ilisema, kama Kanizfatema alivyomsomea, kwamba taarifa mpya zimepatikana. Taarifa mpya! Mguu ulikuwa uleule, na mdomo uliozitoa ulikuwa uleule.

Wema alipasuliwa majani yakianguka. Daktari alikuwa yuleyule wa mikono. Siku walipofungua bandeji, mtu wa mazoezi alimshika Wema kwapani, akamsimamisha sakafuni, akamwambia anyooshe mguu na kushusha kisigino. Wema aliuma mdomo. Goti lilifunguka, likafunguka tena, likagoma. Kisigino kilibaki juu ya sakafu, nafasi ambayo kidole cha mtu kingepita.

Daktari aliinama akaitazama nafasi ile. Alisema, kwa mkalimani, kwamba amefanya yote yanayowezekana, na kwamba wangekuja wakati ule waliopangiwa, huenda mguu ungenyooka wote. Akaongeza kwamba mambo haya hutokea, si kosa la mtu yeyote.

"Ni kosa la mtu," Asumpta alisema. "Ana jina na anwani."

"Mama, acha," Wema alisema. Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hizi ilimtoka kwa shida.

Fungu halikulipa kiatu. Kiatu cha kuinua kisigino, waliambiwa, si upasuaji. Asumpta hakubishana. Alirudi nyumbani akachukua buti zake za theluji, akakata kipande cha soli ya ndani kwa kisu cha jikoni, akakipima kwenye kisigino cha mtoto, akakipunguza, akakipima tena, akakiingiza katika kiatu cha kushoto. Wema alitembea sebuleni, akaenda na kurudi. Alisema kiko sawa. Mama yake alimwambia neno hilo asilitumie ndani ya nyumba hii, aseme kinamuuma wapi. Wema akafikiri. Akasema kinamkwaruza kidogo nyuma. Asumpta akakitoa, akakipunguza tena.

Asubuhi iliyofuata aliganda dirishani akimtazama akivuka kiwanja kwenda kwenye basi la shule. Mtu asiyejua asingeona kitu. Angeona msichana na begi lake, anakwenda na wenzake, anacheka. Asumpta aliona mguu wa kushoto ukichelewa kidogo kila mara, kidogo tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kukanyaga. Na kila ulipochelewa alilitaja jina la Nkirote, polepole na kwa ukamilifu, na hakuwa akimwombea.